Fahamu: Kwa nini chatu Omieri hakuzikwa?

Waluo wa Homa Bay na Migori wanalijua jina Omieri. Ni chatu wa Wasare, Nyakach, jirani tu na Homa Bay, aliyeaminika kuleta mvua na mavuno. Hakuwa na mwenyewe. Alikuwa mgeni wa kijiji kizima. Moto wa kichakani ulimuunguza, akatibiwa, lakini akafa mwaka 1987. Badala ya kuzikwa, mwili wake ulihifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Huko pia yumo Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta. Alikufa 1974, mifupa yake iko ndani, sanamu yake uani. Ahmed anajulikana zaidi kwa watalii, ila aliyeliliwa zaidi, nadhani, ni Omieri.