Kunyamazisha Arifa za Kompyuta: Zipi Tuzime, Zipi Tuziache

Katika maisha ya seminari kengele ina ratiba. Hulia alfajiri kutuamsha, hulia kutuita kwenye Misa, darasani, mezani, kwenye kazi za mikono na kulala. Kila mmoja anajua maana ya kila mlio, na kati ya mlio mmoja na mwingine upo muda ambao hakuna anayekuita. Kompyuta nayo ina kengele zake, ila hazina ratiba. Kidirisha kidogo huchomoza kwenye kona ya skrini, hulia, hutaja jina la mtu au la tovuti, kisha hutoweka. Hiyo ndiyo arifa, au kama wengi wanavyosema, notifikesheni.

Hapa Kinyangiri, wilayani Mkalama, wengi wetu tulizoea kufikiri kwamba usumbufu huu ni wa simu tu. Lakini kompyuta ikishaunganishwa na intaneti, hata kwa kifurushi cha simu, nayo huanza kuita. Na ndiyo kompyuta hiyo hiyo tunayoandalia mitihani, mahubiri na hesabu za parokia. Katika makala haya tutaeleza arifa zinakotoka, zinatugharimu nini, namna ya kuzinyamazisha, na mwisho swali lililo gumu kuliko yote: zipi tusizinyamazishe.

Arifa hutoka wapi?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mfumo wa Unix uliongezewa programu ndogo ya kumjulisha mtumiaji kwamba barua pepe mpya imeingia. Iliitwa Biff, jina la mbwa aliyejulikana sana pale chuoni. Jina hilo linafaa: mgeni akifika, mbwa hubweka. Tofauti ni kwamba wakati ule mbwa alikuwa mmoja. Leo kila programu ina mbwa wake, na tovuti nazo zimefuga wa kwao, kwa sababu tangu mwaka 2015 kivinjari cha Chrome kimeziruhusu tovuti kutuma arifa hata kama ukurasa wake umeshafungwa.

Kwa hiyo arifa unayoiona imetoka katika moja ya sehemu tatu. Ya kwanza ni mfumo endeshi wenyewe, kwa mfano Windows, unaokuambia kuhusu masasisho, virusi au betri. Ya pili ni programu zilizowekwa kwenye kompyuta, kama WhatsApp au ya barua pepe. Ya tatu ni tovuti zinazopitia kwenye kivinjari. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa kila chanzo kina mahali pake pa kuzimia. Mtu aliyezima mlio wa WhatsApp akashangaa kuona vidirisha vya matangazo bado vinachomoza, amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Zinatugharimu nini?

Gharama ya kwanza ni akili iliyotulia. Mwaka 2008 mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaokatizwa wakiwa kazini. Waliokatizwa walimaliza kazi haraka zaidi, kwa sababu walijitahidi kufidia muda, lakini walibaki na msongo mkubwa zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State walionyesha jambo linalotuhusu zaidi: kupokea arifa ya simu peke yake, bila kuigusa wala kuijibu, kulitosha kupunguza umakini wa mtu katika kazi aliyokuwa akiifanya. Maana yake ni kwamba kusema "mimi huwa sijibu, naangalia tu" si kinga. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejiandaa kwa mtihani wa Mei hapotezi tu sekunde za kusoma ujumbe. Hupoteza pia uzi wa hoja aliyokuwa akiifuata.

Gharama ya pili ni siri za watu. Fikiria padre au katekista anayefundisha semina ya ndoa kwa kutumia projekta. Kompyuta imeunganishwa, picha iko ukutani, watu themanini wanatazama. Ghafla kidirisha kinachomoza na maneno ya kwanza ya ujumbe wa muumini anayeomba ushauri juu ya nyumba yake, na jina lake juu. Ujumbe unakaa ukutani sekunde chache tu, lakini hauwezi kurudishwa, na muumini yule pengine hatamwendea tena mtu yeyote kuomba ushauri. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, aliyekuamini hakukuamini ili uwatangazie wengine.

Hatua za kufuata kwenye Windows

Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi I ili kufungua mipangilio, yaani "Settings". Ingia "System", kisha "Notifications". Hapo utakuta mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, swichi ya "Do not disturb". Ukiiwasha, arifa haziji tena mbele ya macho yako. Hujipanga kimya kimya zikikusubiri. Ukitaka kuzisoma, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi N. Hakuna kinachopotea.

Pili, chini yake ipo sehemu ya kuamuru ukimya ujiwashe wenyewe. Unaweza kuweka saa, kwa mfano kuanzia saa 1 jioni hadi saa 4 usiku, muda wa kujisomea. Kumbuka kwamba kompyuta huhesabu saa kwa mtindo wa Kiingereza: saa 1 jioni ni 19:00, na saa 4 usiku ni 22:00. Sehemu hiyo hiyo ina alama ya kunyamazisha arifa unapoonyesha skrini yako kwenye projekta. Hakikisha imewashwa. Ila inafanya kazi pale tu projekta inapoonyesha kitu kile kile kilichoko kwenye kompyuta. Kama umeitumia projekta kama skrini ya pili, washa ukimya kwa mkono kabla ya kuanza.

Tatu, orodha ya programu. Kila programu ina swichi yake. Ukibofya jina lake unaweza kuiruhusu itoe arifa bila mlio, au ifiche maneno ya ujumbe wakati skrini imefungwa. Kwa kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu zaidi ya mmoja, hatua hii ya kuficha maneno isirukwe.

Nne, sehemu ya vipaumbele, ambako unachagua programu zinazoruhusiwa kupita hata wakati wa ukimya.

Kwenye Windows 10 njia inakaribiana na hiyo, isipokuwa ukimya una ukurasa wake ndani ya "System" unaoitwa "Focus assist" na una ngazi mbili: vipaumbele peke yake, au kengele za saa peke yake.

Anayetumia Ubuntu abofye saa iliyoko juu katikati ya skrini. Swichi ya ukimya iko hapo. Anayetumia Mac aende kwenye alama za juu kulia na kutafuta "Focus".

Kivinjari na arifa za uongo

Chanzo cha tatu ndicho chenye hatari zaidi. Unafungua tovuti kutafuta notisi au matokeo ya mpira, na mara kinatokea kidirisha kinachokuomba ruhusa ya kukutumia arifa. Tovuti nyingine hudanganya kabisa: hukuambia ubofye "Allow" ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukishabofya, matangazo huanza kumiminika, na baadhi hujifanya onyo: "Kompyuta yako ina virusi, bofya hapa." Mtu mwenye hofu hubofya, na hapo ndipo anapoletewa programu mbaya au kuombwa fedha.

Ili kuitambua arifa ya namna hiyo, isome kwa utulivu. Arifa ya tovuti huonyesha jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma. Onyo la kweli la usalama wa Windows halitoki kwenye tovuti.

Tiba yake ni rahisi. Katika Chrome, andika kwenye sehemu ya anwani maneno haya: chrome://settings/content/notifications. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ondoa kila usiyoijua, kisha chagua kwamba tovuti zisikuombe tena ruhusa. Katika Firefox, nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, shuka hadi sehemu ya ruhusa, fungua arifa, futa usizozitaka na uweke alama ya kuzuia maombi mapya.

Makundi ya WhatsApp

Mtu mmoja anaweza kuwa katika kundi la jumuiya, la kwaya, la VIWAWA, la ukoo, la waliosoma pamoja na la michango ya harusi. Si lazima ujitoe. Fungua kundi, bofya jina lake, na uchague kulinyamazisha kwa saa 8, kwa wiki moja au daima. Ujumbe utaendelea kufika, nawe utausoma kwa wakati wako. Anza na makundi, uache watu mmoja mmoja. Kundi likinyamaza, ujumbe wa mama yako unasikika.

Zipi tusizinyamazishe?

Kosa la upande wa pili ni kuzima kila kitu. Onyo la betri liachwe, hasa mahali ambapo umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Arifa za usalama na za masasisho ziachwe pia. Wanaotumia Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo ujumbe unaolihusu jambo hilo si wa kupuuzwa.

Lakini zito zaidi ni wito wa mtu. Mgonjwa mahututi katika kigango cha mbali anayehitaji Mpako wa Wagonjwa hawezi kusubiri padre amalize kipindi chake cha ukimya. Mzazi wa mseminari aliyefikwa na msiba naye hawezi kusubiri hadi kesho. Ndiyo maana tunashauri kwamba kila parokia na kila nyumba ya malezi iwe na njia moja inayojulikana kwa mambo ya dharura: namba moja ya simu, ya kupigiwa na si ya kuandikiwa, na mtu wa zamu anayeishika usiku. Namba hiyo itangazwe kanisani, ibandikwe mlangoni pa ofisi, wapewe viongozi wa jumuiya. Njia hiyo ikiwepo na watu wakiiamini, nyingine zote zinaweza kunyamaza bila mtu kuachwa peke yake. Isipokuwepo, aliyenyamazisha kompyuta yake atakaa na wasiwasi, na wasiwasi huo utamfanya aiangalie kila baada ya dakika tano.

Kinachobaki ni kupanga nyakati za kusoma ujumbe: kwa mfano baada ya vipindi vya asubuhi, baada ya chakula cha mchana na kabla ya Masifu ya Jioni. Waambie wenzako nyakati hizo, wasidhani umewadharau. Papa Benedikto wa XVI alichagua ukimya na neno kuwa mada ya Siku ya 46 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, ya mwaka 2012, akifundisha kwamba ukimya ni sehemu ya mawasiliano yenyewe. Anayesoma ujumbe kumi kwa wakati mmoja, akiwa ametulia, huujibu kila mmoja vizuri kuliko anayeujibu mmoja mmoja huku akiandika somo la kesho.

Jioni ya leo, kabla ya kuzima kompyuta yako, fungua ile orodha ya programu. Kwa kila jina jiulize: huyu akiniita, ni mtu anayenihitaji au ni biashara inayonitafuta? Jibu lako litakuonyesha swichi ya kuzima.