Arobaini Pekee Haimkingi Mtoto na Kifaduro

Kuanzia Diani hadi Msambweni, na kote Kwale, mzazi na mtoto wake mchanga aghalabu hukaa ndani siku arobaini. Desturi hii ina busara yake, kwani humpa mama nafasi ya kurejesha nguvu na humwepusha mtoto na msongamano wa watu. Hata hivyo, arobaini haimfungii mlango shangazi anayekuja kutoa hongera huku akikohoa. Kikohozi hicho, ambacho hakimlazi mtu mzima hata siku moja, chaweza kuwa ni kifaduro.

Bakteria inayoleta ugonjwa huu ilitengwa na Jules Bordet na Octave Gengou nchini Ubelgiji mwaka 1906. Mtoto mkubwa hukohoa mfululizo, kisha akavuta pumzi kwa mlio. Kwa mtoto wa mwezi mmoja, mlio huo huenda usisikike kabisa: yeye husita kupumua, rangi ikambadilika, na asipowahiwa hufa.

Nchini Kenya, chanjo ya kifaduro hutolewa mtoto anapotimiza wiki 6, kisha wiki 10 na 14. Wiki 6 ni siku 42. Kwa hiyo, muda wote wa arobaini mtoto hutegemea kinga aliyopokea kwa mamake kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi ya mwisho ya mimba.

Hapo ndipo penye tatizo. Kinga ya kifaduro, iwe imetokana na chanjo au na kuugua, hufifia baada ya miaka kadhaa. Mama aliyechanjwa utotoni huenda asiwe na akiba ya kutosha ya kumgawia mwanawe. Maziwa yake, pamoja na manufaa yake mengi, hayatoshi kuliziba pengo hilo.

Njia ya kuliziba yajulikana. Kwa miaka mingi kliniki zetu zimewachanja wajawazito dhidi ya pepopunda, na kinga hiyo huwafikia watoto kabla ya kuzaliwa. Nchini Uingereza, ambako watoto wachanga 14 walikufa kwa kifaduro mwaka 2012, wajawazito walianza kuchanjwa dhidi yake Oktoba mwaka huo, na vifo vikapungua. Chanjo ya kawaida ya mjamzito hapa kwetu ingali haina kifaduro.

Wapo watakaosema kwamba chanjo hiyo ni ghali. Hoja yao si ya kupuuzwa, na Shirika la Afya Duniani nalo lasisitiza kwamba jambo la kwanza ni kukamilisha chanjo za watoto wenyewe. Lakini mtoto wa wiki 3 hawezi kungojea zamu yake. Serikali yapaswa kulipima jambo hili kwa uzito.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakimaanisha ukuni. Kwa kinga hii nyingine kanuni ni ile ile: ya mama ianze, ya mtoto ifuatie.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi wetu mambo mawili ya kupeleka nyumbani. Anayekohoa asimpakate mtoto mchanga, hata akiwa ni mdogo wake. Na arobaini ikiisha, safari ya kwanza ya mtoto iwe ya kliniki, wala isiahirishwe.