Mbio za boti: ushindani wa injini uliogharimu maisha ya madereva

Miaka ya 1970, mashabiki wa mbio za boti huko Ulaya na Marekani waligawanyika pande mbili: wa Mercury, na wa OMC, kampuni iliyotengeneza injini za Evinrude na Johnson. Kampuni zote mbili zilikuwa za Marekani, na kila moja ilitaka kushinda kwani ushindi uliwavuta wanunuzi.

Boti hizo zina maboya mawili marefu pembeni, na katikati njia ya hewa. Hewa hiyo huinua boti hadi iguse maji kidogo tu, na mwendo hupita kilomita 200 kwa saa. Ikizidi, pua hupanda na boti hupinduka.

OMC ilileta injini ya V8 ya lita 3,5. Injini za lita 2 zikawekwa katika kundi lao. Kwa injini kubwa, Muitaliano Renato Molinari alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka wa 1981, 1983 na 1984.

Lakini mwaka huo wa 1984 madereva kadhaa walipoteza maisha, akiwemo Mwingereza Tom Percival, huko Liège, Ubelgiji. Boti zilikuwa za mbao, na dereva hakuwa na kinga.

Mwingereza mwenzake, Chris Hodges, alitengeneza chumba kigumu cha kumlinda dereva. Mwaka wa 1990 Formula 1 ilirudi na injini za lita 2. Leo hakuna anayeruhusiwa kushindana humo bila chumba hicho.