Albamu ya roki ambayo masikio ya Embu na Meru tayari yanaijua

Ukipanda matatu Embu ukielekea Meru, kabla hata hujafika Runyenjes dereva atakuwa ashaweka benga. Mara ni Wimwaro FM, mara ni flashi yake mwenyewe. Wewe unavaa spika zako za masikioni na kuendelea na mambo yako, kwa sababu benga ni ya wazee, si ndiyo? Mimi pia nilikuwa hivyo. Halafu siku moja kwenye barabara hiyo hiyo nikaweka albamu ya kwanza ya bendi inaitwa Extra Golden, na karibu na Chuka ikabidi nitoe spika moja sikioni nihakikishe. Gitaa la dereva na gitaa langu yalikuwa yanaongea lugha moja.

Wacha nikupange. Golden ilikuwa bendi ya roki ya Marekani, ile roki ya kujitegemea isiyo na kampuni kubwa nyuma yake. Mmoja wao, Ian Eagleson, akaja Kenya kufanya utafiti wa shahada ya uzamifu kuhusu benga. (Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina mengi ya kusema juu ya shahada, lakini manze, kama ningeambiwa kuna masomo ya kukaa na wapiga gitaa usiku kucha, pengine ningekuwa bado darasani.) Huku akajuana na Otieno Jagwasi, kiongozi wa Orchestra Extra Solar Africa. Mwaka wa 2004 mwenzake wa Golden, Alex Minoff, akaja kutembea. Wakamwita Onyango Wuod Omari kwenye ngoma, wakarekodi hapo Nairobi kwa vifaa vya kubebeka. Hata jina walilipata kwa kuunganisha: Extra ya Otieno, Golden ya wageni.

Albamu inaitwa Ok-Oyot System na ina nyimbo sita tu. "Ok oyot" ni Kijaluo, maana yake si rahisi. Na kweli haikuwa rahisi. Otieno alifariki mwaka wa 2005. Albamu ikatolewa mwaka uliofuata na Thrill Jockey, kampuni ya kule Chicago. Yaani ile sauti unayoiskia ikiimba kwa ujasiri hivyo, mwenyewe hakuwahi kuishika albamu mkononi. Nikiwa nasikiliza najua hivyo, siwezi kuifanya iwe muziki wa kupitisha muda.

Sasa, kuhusu huo mchanganyiko. Watu wengi wakisema wamechanganya mitindo, wanamaanisha wamebandika ngoma ya Kiafrika juu ya wimbo wa kizungu kama stika kwenye mathree. Hapa sivyo. Benga ina tabia yake: sauti inaimba, gitaa linajibu, kisha mahali fulani mwimbaji ananyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. La kwanza linarukaruka juu, la pili linazunguka chini yake bila kuchoka, besi inapita katikati kana kwamba ina haraka, na ngoma ya mguu inagonga kila pigo. Roki nayo inapenda kukaa juu ya mdundo mmoja mpaka ukukolee, na gitaa lake lina ukali. Hawa jamaa walichofanya ni kuachia ule ukali uingie kwenye nafasi ambayo benga tayari huwa inaiachia magitaa. Ndiyo maana nyimbo ni ndefu na huchoki. Za Kiingereza, kusema ukweli, haziniingii sana. "It's Not Easy" ni sawa, lakini wakirudi kwa Kijaluo utajua ni nani alikuwa mwenye nyumba.

Na usidhani wageni ndio walianza kuchanganya. Benga yenyewe ni mchanganyiko. Wajaluo walichukua mapigo ya nyatiti wakayahamishia kwenye gitaa, rumba ya Kongo ikaongeza yake. D. O. Misiani, anayeitwa mfalme wa benga, alitoka Shirati, upande wa Tanzania. Kisha mtindo ukapanda mpaka Mlima Kenya na Ukambani, kila mtu akauimbia kwa lugha yake. Hiyo unayoskia Muuga FM kwa Kimeru ni safari hiyo hiyo. Sijui neno la Kijaluo zaidi ya salamu, lakini sikio langu halikuhitaji mkalimani.

Kitu kinaniuma ni kwamba albamu iliyorekodiwa Nairobi ilijulikana Chicago kuliko Nakuru. Mwaka wa 2006 walialikwa kwenye tamasha la muziki huko Chicago, Wakenya wakasumbuka na viza, hadi ofisi ya seneta mmoja ikasaidia. Seneta mwenyewe ni Barack Obama. Kwenye albamu ya pili, Hera Ma Nono ya 2007, wakamwimbia wimbo wa shukrani, hata kabla dunia haijamjua vizuri. Wakati huo Opiyo Bilongo ndiye alikuwa amesimama pale Otieno alipoacha.

Nawajua vijana Makutano, Meru, wanaopiga gitaa kanisani Jumapili na mugithi Jumamosi usiku. Ukiwatajia roki wanacheka, ati hiyo ni ya watoto wa Nairobi wenye nguo nyeusi. Nilimwekea mmoja wao "Nyajondere", wimbo wa mwisho. Hakusema kitu. Alichukua gitaa lake, akaanza kutafuta lile la pili, lile linalozunguka chini, na alilipata kabla wimbo haujaisha.

Ukiitafuta, iko mtandaoni. Ianze ukishavuka Thuci, na usiweke sauti juu sana, umskie na dereva.