Neno 'Dawa' na Usalama wa Mzee Mwenye Saratani: Hali ya Bangale

Neno 'dawa', lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, limepanuka kimaana hata likabeba tembe ya hospitali, mzizi wa mganga, dawa ya mbu na hata dawa ya viatu. Upana huo huwafurahisha wanasemantiki. Kwa mgonjwa, waweza kuwa hatari.

Huko Bangale, Kaunti ya Tana River, kando ya barabara itokayo Mwingi kwenda Garissa, Kiswahili ni lugha ya pili kwa wazee wengi wazungumzao Kiorma na Kisomali. Mzee anayetibiwa saratani aghalabu huwa tayari anameza dawa za shinikizo la damu au kisukari. Wataalamu huzihesabu dawa 5 au zaidi kuwa nyingi, kwa kuwa figo za uzeeni huzitoa mwilini polepole na dawa moja huweza kuvuruga nyingine. Deksamethasoni, inayozuia kutapika wakati wa matibabu ya saratani, hupandisha sukari. Kapesitabini ikikutana na wafarini, mgonjwa huweza kuvuja damu.

Muuguzi huuliza: "Mzee, unatumia dawa gani nyingine?" Naye hujibu, "Hakuna." Hajadanganya. Shubiri anayokunywa kwake ni miti shamba, na mafuta ya habasoda ni chakula chenye baraka. Swali ndilo lililokuwa finyu. Ilhali shubiri huharisha na kupunguza potasiamu mwilini, jambo la hatari kwa anayemeza pia dawa za kuongeza mkojo. Lingefaa swali hili: "Mzee, tangu jana asubuhi umekula, umekunywa na kujipaka nini ili upate nafuu?" Kisha aombwe kuja na kila kitu katika mfuko mmoja, chupa za mafuta zikiwemo.

Saa nayo ina mtego wake. Mjukuu akisoma '8' ya asubuhi kwenye pakiti na kumwambia babu 'saa nane', dawa huchelewa kwa saa 6. Alama '1×3' nayo haimwelezi mzee asiyesoma chochote. Katika Ramadhani, 'mara tatu kwa siku' hukosa mahali pa kukaa kati ya futari na daku. Hapo ni daktari anayepaswa kupanga upya nyakati, au kumshauri mzee asifunge, kabla mwezi haujaandama.