NYOKA NDANI YA SANDUKU: ANAHITAJI FASI KIASI GANI?

Kwetu mutu akiona nyoka nyumbani, anaita majirani na kukamata fimbo. Lakini Ulaya na Marekani kuko familia zinazonunua nyoka kwa feza, zinamulisha na kumutunza kama vile sisi tunatunza paka. Usicheke bado. Wengi wa nyoka hao ni wa uzazi wa Afrika, na swali linalowasumbua wale wenye kuwafuga linatugusa sisi pia: munyama aliyefungiwa anahitaji fasi kiasi gani ili akae muzuri?

CHATU WA MUPIRA

Mumoja wa nyoka wanaopendwa sana kule ni chatu mudogo. Wanamuita chatu wa mupira, kwa sababu akiogopa anajikunja, anaficha kichwa katikati, anakuwa kama mupira. Hana sumu. Akikomaa anafikia metre moja ao moja na nusu. Makao yake yanaanza Senegal mupaka Uganda. Tangu miaka mingi Ghana, Togo na Benin zimeuza maelfu yao ngambo.

KUTULIA SI KURIZIKA

Wafugaji wengi walizoea kusema: "Nyoka hana lazima ya fasi kubwa. Angalia, muchana wote amejikunja tu." Basi wakamutia ndani ya kisanduku cha plastiki, visanduku vingi vikapangwa kimoja juu ya kingine kama ndani ya kabati.

Ni kweli, chatu huyo anapenda kujificha. Muchana anakaa ndani ya kichuguu ao shimo la panya. Lakini usiku anatoka, anatambaa, anawinda, anapanda hata miti. Shimo ni chumba chake cha kulala, si dunia yake yote. Mufanyakazi wa mine aliyetoka kazi ya usiku analala muchana kutwa. Je, utasema kitanda tu kinamutosha?

Mwaka 2019, Clifford Warwick na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliangalia nyoka 65, kila mumoja kwa muda wa saa moja. Zaidi ya sehemu moja kwa tatu walijinyoosha sawa ao karibu sawa. Mwaka 2021, wachunguzi wa Ujerumani walilinganisha chatu 35 wa mupira ndani ya visanduku na ndani ya makao makubwa yenye matawi. Kwenye makao makubwa walipanda na kuchimba. Ndani ya visanduku, hakuna njia.

KIPIMO CHENYEWE

1. Urefu wa sanduku usipunguke urefu wa nyoka, na upana uwe nusu yake. Nyoka wa metre 1.50 anaomba sanduku la metre 1.50 kwa sentimeta 75, na kimo cha kutosha kupanda tawi.

2. Upande mumoja uwe na joto la degree karibu 32, na wa pili uwe na baridi kidogo. Mwili wa nyoka hautengenezi joto la kutosha. Yeye anahama kulitafuta. Kisanduku kidogo hakimupe nafasi ya kuchagua.

3. Kila upande uwe na mahali pa kujificha, na maji yasikosekane.

Nyoka anayesugua pua kwenye ukuta mupaka kidonda, ao anayezunguka bila kupumzika akitafuta mulango, anasema kwa mwili wake kwamba fasi haitoshi.

NA KWETU KATANGA?

Vijana, mufanye hesabu. Chatu wa huku, ambaye wengi wanamuita boa, ni wa aina ingine. Anaweza kupita metre 4. Sanduku lake lingekuwa metre 4 kwa 2: hicho ni chumba kizima cha batoto kulala! Na nguvu zake si za kuchezea.

Tena, mutu asikudanganye kukamata nyoka ili umuuzie. Nyoka usiyemujua anaweza kuwa na sumu. Na tangu 1976 inchi yetu iko ndani ya mapatano ya CITES, ambayo yanalinda chatu: kumupeleka ngambo kunaomba ruhusa ya serikali.

Fasi inayomufaa iko kule pori, kwenye vichuguu na mashimo ya zamani ya muhanga. Huko anakula panya wanaomaliza mahindi yetu. Kandokando ya Lubumbashi, vichuguu vingi vimechimbuliwa kwa kufanya matofali. Kila kichuguu kinachobomolewa ni nyumba ya wengi.

Wewe unayefuga sungura, leo jioni uende nyuma ya nyumba na uangalie kibanda chake. Je, anaweza kujinyoosha wote? Anaweza kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu? Ana kivuli jua likikaza? Kama jibu ni hapana, tafuta mbao na misumari. Kazi hiyo mutoto na baba wanaweza kuimaliza siku moja ya posho.