Kuumika: Tiba ya Vikombe, Faida Zake na Mipaka Yake

Katika msimu wa mikorosho, wakulima wa Masasi na Newala hubeba mabomba ya kupulizia salfa mgongoni, kisha huinama siku nzima wakiokota korosho. Kiuno kikianza kuuma, wapo wanaokwenda zahanati, na wapo wanaomwendea muumishi.

Kuumika ni tiba ya kale. Kifaa chake cha jadi ni chuku, yaani pembe iliyotobolewa nchani: muumishi huiweka juu ya ngozi, hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu. Waislamu huijua tiba hii kwa jina la hijama. Nchini China, tabibu Ge Hong aliandika juu ya pembe za kunyonya majipu katika karne ya 4. Baadaye vikatumika vikombe vya mianzi na vya kioo. Mwali wa moto huipasha joto hewa iliyomo kikombeni, na hewa hiyo ikipoa, ngozi huvutwa ndani.

Kwa mujibu wa tiba ya Kichina, kikombe hufungua njia za damu na nguvu ya mwili iitwayo qi. Kwa mujibu wa fiziolojia, mvuto hutanua mishipa midogo ya damu na kuipasua baadhi yake. Alama ya duara inayobaki ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Si sumu iliyotolewa. Hufifia baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili.

Majaribio ya kitabibu yameonyesha kwamba kuumika huweza kupunguza maumivu ya shingo na ya kiuno kwa muda mfupi. Hata hivyo, mengi yalihusisha watu wachache, nao walijua wanaumikwa. Ni vigumu kutenga nguvu ya kikombe na nguvu ya matumaini. Anayedai kwamba vikombe huponya malaria, kisukari au shinikizo la damu anatia chuku. Mgonjwa asiache dawa zake.

Kuumika kwa kuchanja ndiko kwenye hatari kubwa. Wembe au pembe iliyotumiwa kwa mtu mwingine huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na muumishi anayefyonza kwa mdomo hujihatarisha pia. Mgonjwa adai wembe mpya na kikombe kisichotumiwa na mwingine. Mwenye upungufu wa damu, selimundu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanjwe. Mjamzito asiumikwe tumboni wala kiunoni. Ngozi yenye kidonda isiguswe.

Mhudumu wa afya aulize bila kukebehi: “Umeumikwa? Lini? Ulichanjwa?” Mgonjwa anayeogopa kuchekwa huficha, na alama zake huweza kudhaniwa ni za kipigo au za ugonjwa wa damu. Aliyechanjwa kwa wembe wa pamoja ashauriwe kupima.

Yapo maumivu ya mgongo yasiyongoja kikombe: yanayoambatana na ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, homa, jasho la usiku, au kukonda. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, uvimbe, au neva iliyobanwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani miguu ikishapooza huenda isirudie nguvu zake.